Masika kwenye Kitanda cha Koleo

Jumatatu, 11 Machi

Ameniagiza niandike. "Kila siku, fundi. Maumivu kutoka sifuri hadi kumi, yameanzia wapi, yameshukia wapi, na siku hiyo ulifanya nini. Daftari lolote litafaa." Basi daftari lolote ndilo hili. Nitaandika, ila nitakayoyaandika siyo aliyoyaomba, na hatayasoma.

Ni tabibu wa mgongo, wa pekee katika mji huu. Watu wanamwita Daktari. Mimi namwita Koleo, kwa ajili ya vidole vyake, na kwa sababu alimwoa mtalaka wangu. Mwanamke alikwenda kwake na bega bovu akarudi na mume. Huu ni mwaka wa sita. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, mwalimu wa hesabu, anakula mezani kwao kila Jumapili. Kwangu huja mwisho wa mwezi, na mkoba wake hautui chini.

Nimeangukaje mikononi mwake? Mimi ni fundi vigae. Miaka thelathini nimeishi kwa magoti na kiuno. Jumanne iliyopita, kwenye ukumbi mpya wa chuo, nilinyanyua boksi la vigae kama nilivyonyanyua maelfu ya maboksi, kiuno kikalia ka!, nikabaki nimeinama kama bawaba iliyoshika kutu. Mwenzangu wa kazi, tunayemwita Pimamaji kwa sababu kifaa hicho hakimtoki mkononi, alicheka kwanza, ndipo akaita watu wa kunibeba. Hospitali walinipa vidonge na miadi ya tarehe ishirini Juni. Juni! Dada yangu mkubwa, ninayeishi kwake tangu talaka, akachukua simu akampigia Koleo bila kuniuliza.

"Afadhali nitambae," nikamwambia.

"Tambaa basi," akasema. "Miadi ni Jumatatu saa tatu."

Leo nilipimwa tu. Alinilaza chali, akainua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, akiuliza maumivu yanaanzia wapi. Alinigonga magoti na vifundo kwa kinyundo cha mpira. Alinichomachoma miguu kwa kijiti cha kuchokonolea meno: "Hapa ni sawa na hapa?" Akauliza habari za usingizi, homa, uzito, haja kubwa na ndogo. Mlango wa chumba chake haufungi vizuri, na nje ya mlango huo, kwenye meza ya mapokezi, anakaa mtalaka wangu akipanga miadi. Nilijibu kwa kichwa.

Maumivu: saba. Aibu haikuulizwa.

Jumatano, 13 Machi

Leo amenikumbatia. Sina neno jingine.

Alinilaza ubavu. Mguu wa chini umenyooka, wa juu umekunjwa, goti likining'inia nje ya kitanda. Mkono wake mmoja begani pangu, mwingine kiunoni, kifua chake juu yangu. Nikasikia harufu ya sabuni yake. Ni sabuni ileile aliyokuwa akininunulia mtalaka wangu.

"Vuta pumzi. Itoe. Legea."

"Nimelegea."

"Fundi, umekaza kama nguzo."

Nilikuwa nawaza jinsi kiwiko changu kilivyo karibu na pua yake. Ndipo akasukuma, ghafla, msukumo mfupi, na mgongo wangu ukaalika mara tatu mfululizo. Nilitukana. Sitaliandika tusi lenyewe.

"Mfupa umerudi mahali pake?" nikamuuliza.

"Mfupa haukutoka. Hiyo sauti ni hewa tu ndani ya maungio. Kazi yangu ni kuyafungua yaliyogoma kusogea."

Hata uongo mdogo wa kunifurahisha ameninyima.

Nilitoka nimesimama wima. Mtalaka wangu akaniangalia toka juu mpaka chini. "Afadhali," akasema. Kusimama wima mbele yake kwa hisani ya mumewe, bora ningebaki nimeinama.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Maumivu: nne. Imeniudhi.

Jumamosi, 16 Machi

Nne. Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Leo kitanda kingine, chenye vipande vipande. Unalala kifudifudi, yeye anainua kipande kilicho chini ya nyonga kwa wenzo, kimo cha vidole viwili, halafu anasukuma na kipande kinadondoka: pa! Eti nguvu inamezwa na kitanda, haiishii mwilini. Akarudia mara tano, akapanda juu kidogo, akarudia tena. Uso wangu ulikuwa kwenye tundu la kitanda, nikiona sakafu na viatu vyake tu. Viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Nilivichukia kimoja kimoja. Sakafu nayo imepigwa vibaya. Kigae cha tatu kutoka ukutani kimeinuka.

"Daftari liko wapi?"

"Nimelisahau."

"Lakini unaandika?"

"Kila siku."

Maumivu: nne. Mvua imeingia jikoni kwa dada.

Jumapili, 24 Machi

Binti amepita, na siyo mwisho wa mwezi. Alisimama mlangoni, mwavuli ukichuruzika.

"Nilimuuliza baba wa kambo unaendeleaje, akasema nikuulize wewe."

"Akasema hivyo tu?"

"Hivyo tu. Basi nimekuja kukuuliza."

Tazama dharau hiyo. Mtu ananishika kiuno mara mbili kwa wiki, na hana hata neno moja la kusema juu yangu mezani kwake. Nilimwambia binti niko salama. Akaangalia saa, akaenda kwao kula.

Jumatatu, 25 Machi

Tangu jana maumivu yameshuka. Yanatoka kitakoni, yanapita nyuma ya paja, yanafika kwenye kidole cha mwisho cha mguu wa kulia, kama waya wa moto. Nane.

Nilijilaza ubavu mwenyewe nimalize upesi. Koleo akanigusa bega. "Leo sikupindi."

"Kwa nini? Wiki zile ulinipinda."

"Wiki zile mguu haukuwa unalia. Yakishuka namna hii, inawezekana kile kisahani laini kilicho kati ya pingili kimevimba, kinabana neva. Kukuzungusha sasa ni kukichokoza."

Akanipeleka kwenye kitanda cha tatu. Huko unalala kifudifudi, unafungwa mkanda kwenye vifundo, na nusu ya chini ya kitanda inashuka polepole, inapanda, inashuka, mkono wake ukiwa umetulia juu ya uti wa mgongo. Hakuna mlio, hakuna kusukumwa. Mgongo unavutwa kama unga uliokandwa vizuri. Dakika kumi. Mguu ulinyamaza kwa mara ya kwanza tangu uanze, na mimi nikakaribia kusinzia chini ya mkono wa mtu huyo. Nikajiuma mdomo.

Baadaye amri: wiki sita nisinyanyue kitu, nisipige magoti. Asubuhi na jioni nilale kifudifudi niinue kifua kama mjusi, mara kumi. Nikamwambia ukumbi wa chuo unanisubiri, na mistari ya pale nimeichora mimi.

"Ukumbi hauna neva," akasema.

Nje, mtalaka wangu akacheka. Kicheko kile nakijua. Zamani kilikuwa cha mizaha yangu.

Alhamisi, 28 Machi

Kitanda cha kuvuta tena. Kisha akatoa kifaa kama bastola ndogo, ndani yake springi, mbele yake ncha ya mpira. Anaweka pembeni mwa pingili, anabonyeza: tik. Anahama: tik. "Hii ni kwa wagonjwa wasiolegea," akasema. Sikujua kama ni utani. Mwisho akaniwekea kabari mbili chini ya nyonga, moja imeelekea juu, nyingine chini, akaniacha uzito wangu mwenyewe uninyooshe. Mimi huweka kabari kati ya vigae. Leo sakafu nilikuwa mimi.

Maumivu: tano.

Jumamosi, 30 Machi

Tatu. Mjusi mara kumi, mara mbili.

Pimamaji amenitumia picha ya ukumbi, anajisifu. Nimeikuza kwenye simu. Mstari wa pembeni umekimbia vidole viwili kufika mlangoni. Vidole viwili! Na anatembea na pima maji kama fimbo ya uchifu.

Jumatatu, 1 Aprili

Nilimwambia dada nakwenda dukani. Nilikwenda ukumbini.

Pimamaji aliponiona akajifanya kufurahi. "Mzee wa kiuno! Umekuja kukagua?" Nikamwambia nimekuja kung'oa. Tulibishana mpaka vibarua wakaacha kazi kutusikiliza. Mwishowe akakunja mikono, akasema kama najua sana nifanye mwenyewe. Nikapiga magoti. Nilikaa chini saa tatu nzima, mvua ikipiga bati mpaka tukawa hatusikilizani. Niling'oa vigae arobaini, nikakwangua saruji, nikavuta uzi upya. Maboksi mapya nilibeba mimi, kwa sababu Pimamaji alisimama tu akinitazama, na nisingemwomba.

Mstari sasa umenyooka. Kwenye boksi la nne kitu kilishuka ndani ya mgongo, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Nane.

Jumanne, 2 Aprili

Tisa. Sasa miguu yote miwili. Sikuamka.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika kila kitu, maana hapa hakuna mwingine.

Leo asubuhi nilisimama chooni muda ambao dada alimaliza kupiga deki sebule nzima, na yakatoka matone. Nilipokaa kunywa chai, kiti kilikuwa kama kimewekwa blanketi. Hakikuwa na blanketi.

Kwa Koleo nilifika kwa kushika kuta. Akaniangalia nikipanda kitandani.

"Ulifanya nini tangu Alhamisi?"

"Nililala."

"Hukunyanyua kitu?"

"Ningenyanyua nini, mto?"

Akauliza kuhusu ganzi. Nikasema mguuni tu. "Katikati ya mapaja je? Sehemu unazokalia kwenye baiskeli?" Nikasema hapana. "Haja ndogo inatoka kama kawaida?"

Mlango ulikuwa wazi upana wa mkono. Huko nje kalamu iliyokuwa ikiandika ikaacha kuandika. Nikamwona mtalaka wangu akilini, kichwa kimeinama, sikio limesimama. Mwanamke aliyeniambia, mwaka wetu wa mwisho, kwamba amechoka kuishi na mwanaume nusu. Leo nimwambie mume wake, yeye akisikia, kwamba hata mkojo umenishinda?

"Nakojoa kama farasi," nikasema, kwa sauti ya kufika mapokezi.

Koleo alitupa jicho mlangoni. "Ikibadilika, hata kama ni leo, usinisubiri mimi. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Umenielewa?"

"Mimi siyo mtoto."

Alikivuta kitanda kidogo tu, akaacha. Akaniambia nirudi Jumamosi, siyo Jumatatu.

Alhamisi, 4 Aprili

Matone. Ni yangu, siyo ya mvua. Mvua inamwaga.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekaa nusu saa nikisoma gazeti. Dada akaja kutafuta mkasi wake. Nilikuwa nimeukalia, ncha juu, suruali imetoboka, na sikuwa na habari.

Nilimwambia ulikuwa pembeni.

Jumatano, 10 Aprili, hospitali

Nirudi nyuma, Jumamosi ile ya tarehe sita.

Niliingia kwa Koleo mguu wa kulia ukipiga sakafu, pa, pa, kama kandambili iliyokatika. Hakunisalimu. "Simama kwa visigino," akasema. Sikuweza. Akanilaza, akagonga kifundo kwa kinyundo. Hakuna kitu. Akagonga cha pili. Hakuna. Akachukua kile kijiti, akanichoma ndani ya paja, karibu na kinena, na mimi nikajua anachoma kwa sababu tu nilikuwa naangalia mkono wake.

Akaenda kuufunga mlango. Uligoma, kama kawaida yake, akauwekea kiti. Akarudi, akainama, akaongea chini chini.

"Nitakuuliza tena, na hapa ni mimi na wewe. Unakojoa?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Jumatano asubuhi."

"Jumatano," akasema. "Jumatano nilikuuliza." Akakaa kwenye kitanda chake mwenyewe, kile cha vipande, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye anazeeka.

"Basi nipinde," nikamwambia. "Gonga, vuta, tumia hicho kibastola, fanya kazi yako."

"Sikugusi."

"Umeniogopa?"

"Nikikugusa sasa naweza kukumalizia miguu. Hii siyo kazi ya mikono yangu. Ni ya kisu, na ni leo."

Nilimwita mwoga. Nilimwita mengine. Alikuwa ameshatoka, amemwambia mtalaka wangu awarudishe watu wote waliokuwa kwenye foleni. Akanibeba. Mimi, fundi wa miaka hamsini na mbili, nikabebwa kama gunia mpaka kwenye gari lake, mtalaka wangu akitushikia mwavuli, na mvua inatoka upande ikitulowesha wote watatu. Njiani nilimtukana kuhusu anavyoendesha. Barabara ya sokoni ilikuwa imejaa maji, akageuza, akazunguka kwa juu, huku akiongea na daktari wa upasuaji kwa simu, akimtajia kila alichokipima kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha. Kwenye mapokezi ya hospitali karani alituambia tukae benchi. Koleo akapiga kelele. Miaka sita sikuwahi kusikia sauti yake ikipanda. Karani alisimama, wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu, na kufikia saa kumi alasiri nilikuwa kwenye meza ya upasuaji.

Daktari wa upasuaji ni mwanamke mfupi asiyepamba maneno. Jana aliniambia kisahani kilipasuka kikazikaba neva zote za chini kwa mpigo. "Ungekuja siku ya kwanza," akaanza, kisha akatazama mpira wa mkojo uliokuwa ukining'inia, akaiacha sentensi hapo.

Mguu wa kulia kuanzia kifundo haupo. Upo, lakini haupo.

Alhamisi, 11 Aprili

Binti amekuja moja kwa moja kutoka shuleni, chaki mikononi. Akafunua shuka, akatazama mguu, akafunika.

"Ulikwenda kwake unatembea," akasema. "Wiki nne anakuvunjavunja. Wiki nne!"

Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama anasema ana uzoefu. Uzoefu wa nini, wa kulemaza watu?" Akaanza kulia, akashika mkono wangu. Tangu awe msichana wa miaka kumi hajanishika mkono.

Niandike wazi: nilinyamaza makusudi.

Jumatatu, 15 Aprili

Binti amekuja kila siku. Mkoba anauweka chini, anavuta kiti, ananisomea magazeti, ananiuliza sakafu inapigwaje kwenye chumba kisicho na pembe nne sawa. Jana ilikuwa Jumapili, na kwao hakwenda. Alinieleza alivyomwambia Koleo mbele ya mama yake kwamba hatakaa tena meza moja na muuaji. "Akajibu nini?" nikauliza. "Hakujibu. Ataongea nini?"

Nimelala vizuri.

Alhamisi, 18 Aprili

Pimamaji amekuja kuniona. Anasema mji mzima unazungumza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amefuta miadi yake kwa Koleo, na mkewe pia, na madereva wa malori waliokuwa wakienda kila mwezi. "Umemkomesha, bwana," akasema, akinipigapiga goti. Ukumbi umefunguliwa. Mstari wameusifia, amesema ni wake.

Mvua bado.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo amekuja mtalaka wangu. Hakukaa.

"Sikuja kukuomba msamaha kwa niaba ya mtu," akasema. "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Siku ile ya farasi. Ulikuwa unasema kweli?"

"Muulize mumeo. Yeye si ndiye anayepima?"

"Nimemuuliza. Usiku na mchana namuuliza. Anasema ya mgonjwa hayatoki chumbani. Mwanangu hanipokelei simu, mapokezi nakaa na viti vitupu, na yeye ananijibu hivyo. Nimehamia chumba cha pili."

Nilitaka kucheka, na nilikuwa nimeusubiri wakati huo miaka sita. Kicheko hakikuja.

"Kama alikuumiza, nitasema alikuumiza," akaendelea. "Lakini wewe nakujua. Ulivunjika kidole cha mkono ukakificha mfukoni wiki nzima."

"Nenda nyumbani," nikamwambia.

Akaenda. Dirishani nilimwona akivuka ua bila mwavuli.

Kwa kuwa hakuna anayesoma: alipokwenda kwa Koleo na lile bega, talaka yetu ilikuwa na miezi kumi na minne. Hakuna aliyeng'oa kitu kwangu. Kilikuwa kimeshatoka. Miaka yote hii nimekuwa nikiwasimulia watu vingine.

Na huyu mwanaume angejiokoa kwa neno moja tu kwa mkewe. Halisemi. Namchukia zaidi kuliko Machi.

Jumatano, 24 Aprili

Nimerudi kwa dada. Fimbo, na bamba la plastiki ndani ya kiatu la kuinua mguu. Kibofu kimeanza kutii, siyo kila mara.

Jumamosi, 27 Aprili

Binti alikuja na barua. Kurasa mbili, imepigwa chapa, inakwenda kwa baraza linalotoa vibali vya matabibu. Inaomba Koleo afungiwe maisha. Hesabu zake zote zimo: tarehe, idadi ya mara nilizopindwa, mara nilizogongwa na kitanda, mara za kibastola. Aya ya tano inasema kwamba hakuwahi kuuliza dalili za hatari.

"Saini hapa, baba."

Dada alikuwa anachambua mboga pembeni. Nilishika kalamu. Nilijua kabisa nikisaini, binti ni wangu mpaka kufa kwangu, Jumapili zote ni zangu.

"Hii ya tano," nikasema, "ifute."

"Kwa nini?"

"Aliuliza. Mara mbili. Mara ya kwanza nilimdanganya."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Nikamweleza. Ukumbi, magoti, maboksi, matone, mkasi, farasi. Niliongea kwa hasira kana kwamba kosa ni lake kuniuliza. Dada aliacha mboga. Binti alisimama katikati ya maelezo na akabaki amesimama mpaka mwisho.

"Alijua kwamba ulimdanganya?"

"Tangu Jumamosi ile."

"Na mimi nikamwita muuaji mezani kwake. Na akanyamaza." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Wewe ulikuwa unajua, baba. Kila siku nilikuja pale kitandani. Siku kumi na saba umenisikiliza namtukana."

"Nilitaka uje."

"Ungeniita!" akapiga kelele. "Ungesema tu njoo! Ningekuja!"

Akazichana zile kurasa, siyo kwa fujo, mara mbili, akaziweka mkobani. Hakuaga. Mwavuli wake umebaki hapa.

Dada alirudi kwenye mboga. Akiendelea kuchambua akasema, "Angalau umesema." Nikamwambia anyamaze.

Jumanne, 30 Aprili

Hajapiga. Mjusi mara kumi.

Alhamisi, 2 Mei

Hajapiga. Jua dakika tano, kisha mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Koleo amekuja. Dada akampa kiti, akatoka kwa makusudi.

Alikuwa amekonda. Alinyoosha mkono kuelekea mguu wangu, akajirudi. "Naruhusiwa?"

"Hapana."

Akaweka mikono magotini. Akaniambia binti alikwenda kwao, ameomba radhi, mtalaka wangu amelia. Foleni haijarudi, huenda itarudi. Nikamwambia kama amekuja kushukuriwa, amepotea njia.

"Nimekuja kusema neno moja, halafu naondoka," akasema. "Jumatano ile nilikuuliza mlango ukiwa wazi. Nilijua nani ameketi pale. Nilijua mtu kama wewe hatajibu. Ningeweza kuweka kiti, kama nilivyokiweka Jumamosi. Ulikuwa umenitukana wiki tatu kitandani pangu. Kuna sehemu yangu ilitaka uone aibu kidogo. Kidogo tu. Niliona unadanganya, nikajiambia, shauri yake."

Mvua ilikuwa nyepesi, tulisikia kila neno.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu binti sasa ananiona malaika. Sipendi. Unaweza kumwambia. Sitakana."

Nilimtazama huyu mtu. Amenipa silaha mkononi mwangu, ina makali, imeelekezwa kwake. Simpendi. Nilitaka kumpiga kwa fimbo, na nilitaka pia kumuuliza jambo, likanishinda lile la pili likatoka kwanza.

"Mguu utarudi?"

Hapo akawa tabibu tena. "Sijui," akasema. "Miezi sita tutajua. Wengine hurudi, wengine hapana. Siwezi kukudanganya."

"Toka," nikamwambia. Akatoka.

Jumapili, 5 Mei

Simu ililia saa nane mchana. Nyuma ya sauti ya binti nilisikia sahani na vijiko. Alikuwa mezani kwao. Alisalimia kama mtu anayelipa kodi.

"Nasikia baba wa kambo alikuja kwako jana."

"Alikuja."

"Hapa hataki kusema alifuata nini. Alikwambia nini?"

Dada alikuwa ananitazama. Maneno yote ya jana yalikuwa kinywani, yamejipanga, yananisubiri tu niyaachie.

"Alikuja kuangalia mguu," nikasema.

"Basi?"

"Basi."

Nyuma yake vijiko vikanyamaza. Kisha akauliza, taratibu, kwa sauti aliyokuwa nayo hospitali, "Na akasema mguu utapona?"

"Amesema utapona," nikamjibu.

Hakusema hivyo. Alisema hajui.